Mbona Rupia Hazijaisha?

Ndugu msomaji, nina swali ambalo limenisumbua tangu nianze kuandika habari za mambo ya kale. Bei ya fedha (nasema yale madini meupe, siyo mapene ya mfukoni) imeruka juu mara nne katika kipindi cha miaka mia moja na ushee: mwaka 1920, mwaka 1980, mwaka 2011 na mwaka 2025. Kila inaporuka, wajuzi hutabiri kwamba sarafu kuukuu za fedha sasa basi tena, zote zitaingia tanurini. Haya, nenda Gizenga pale Mji Mkongwe, Unguja, ukaulizie rupia. Mwenye duka atainama chini ya meza atoe bakuli, na ndani ya bakuli utamkuta Malkia Viktoria, utamkuta Mfalme Edward kichwa wazi, Mfalme George na taji lake, na pembeni yao Kaiza wa Wajerumani amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Zimelika, zimefubaa, nyingine zimetobolewa tundu la kupitishia uzi. Ila zipo, tena si haba.

Zimeponaje?

Jibu la haraka ni kwamba zilikuwa nyingi mno. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, basi tuanze nalo. Rupia ya India iliyotembea pwani yetu ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika kila mafungu 12 ya uzito huo, mafungu 11 yalikuwa fedha safi. Mjerumani alipoanza kupiga rupia zake za Afrika Mashariki mwaka 1890 alifuata uzito ule ule na usafi ule ule, kwani soko la hapa lilikwisha kuizoea rupia na lisingekubali kitu pungufu. Kabla ya rupia kushika nchi kulikuwa na reale ya Maria Theresa, ile ambayo wazee wa pwani waliiita reale ya Sham: gramu 28 na kidogo, na kati ya hizo zaidi ya gramu 23 ni fedha tupu. Mama huyo mtawala wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake haikufa naye. Waliendelea kuipiga kwa sura ile ile na tarehe ile ile ya 1780, kwanza Vienna, halafu kuanzia miaka ya 1930 Roma, London, Paris na Brussels, na wakati wa Vita vya Pili hata Bombay. Zilitoka mamia ya mamilioni. Rupia nazo, mwaka 1918 peke yake, viwanda vya Calcutta na Bombay vilitoa zaidi ya milioni 400.

Sasa mtu akisikia hesabu hizo atasema, basi, swali limekwisha. La hasha. Hata tembo walikuwa wengi nchi hii. Kitu kuwa kingi hakukikingi na mwenye tamaa, hasa kama tamaa ina tanuru. Na tanuru lilikuwepo, tena la serikali.

Sikiliza kisa cha mwaka 1918. Vita vya Kwanza vimepamba moto, India inauza bidhaa kwa wingi na inataka kulipwa kwa fedha, na akiba ya fedha ya kupigia rupia inakaribia kukauka. Waingereza wakawaendea Wamarekani. Mwezi Aprili mwaka ule Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Pittman, na dola za fedha zaidi ya milioni 270 zilizokuwa zimelala katika maghala ya serikali zikayeyushwa. Sehemu kubwa sana ya fedha hiyo ikasafirishwa kwenda India kugeuzwa rupia. Kwa hiyo rupia ya 1918 unayoiona leo ndani ya bakuli la Gizenga huenda mwaka mmoja kabla yake ilikuwa dola ya Kimarekani yenye sura ya mwanamke wa Uhuru. Na cha ajabu, pamoja na kuyeyushwa kwote kule, dola zile za kale, zile zinazoitwa za Morgan, bado zinauzwa huko Marekani mpaka leo kama njugu.

Vita vikaisha, bei ikaendelea kupanda. Februari 1920 huko London ilifika peni 89 na nusu kwa aunsi moja. Ukipiga hesabu, madini yaliyokuwa ndani ya rupia moja yalifika thamani ya karibu shilingi 2 na peni 9 za Kiingereza, wakati kwa miaka mingi rupia hiyo ilihesabiwa shilingi 1 na peni 4 tu. Wenye mashamba wa Kizungu kule Kenya, waliokuwa na madeni ya pauni upande mmoja na mishahara ya rupia upande wa pili, wakapiga kelele. Serikali ikaifunga rupia katika kiwango cha shilingi 2, ikaleta sarafu iitwayo florini yenye fedha nusu tu, na mwaka uliofuata, 1921, rupia ikavuliwa uhalali Kenya na mahali pake ikaja shilingi. Shilingi ile ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, na fedha ndani yake ilikuwa robo. Robo tu, jamani.

Wakati huo huo bei ya dunia ilikuwa imekwisha kuporomoka. Mapema 1921 ilishuka hadi karibu theluthi ya kile kilele cha mwaka uliotangulia.

Hebu sasa jitie katika nafasi ya mtu wa wakati ule mwenye rupia kumi ndani ya chungu, chini ya sakafu ya udongo. Habari ya kubadilisha imemfikia akiwa amechelewa. Serikali inamwambia hizo si pesa tena. Akienda kuziuza kwa uzito, zitampa nusu ya zile shilingi 2 alizokuwa akihesabiwa jana, au chini ya hapo. Na hizo shilingi mpya anazopewa ni fedha robo. Utaziuza? Mtu huyo hakuziuza. Alirudishia udongo, akapiga sakafu, akalala.

Hapo ndipo inapofanya kazi kanuni moja ya zamani ya uchumi, ya kwamba pesa mbaya huifukuza nzuri sokoni. Ukiwa na sarafu mbili za kununulia chumvi, moja fedha tupu na nyingine fedha ya kuungaunga, utalipa kwa ile ya kuungaunga na nyingine utaificha. Kila serikali ilipopunguza fedha katika sarafu mpya, kila mwenye sarafu ya zamani alipata sababu nyingine ya kuificha. India yenyewe iliishusha rupia kuwa fedha nusu mwaka 1940. Huku kwetu, kuanzia mwaka 1948, shilingi ikapigwa kwa shaba na nikeli, haina fedha hata chembe. Zanzibar waliishika rupia hadi mwaka 1936, walipoibadilisha kwa shilingi moja na nusu kila moja. Wengi walikwenda kubadilisha, naam, lakini zile zilizokwisha kutobolewa na kuning'inizwa mkufuni zilibaki shingoni.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Neno fedha ni madini na neno hilo hilo ni pesa; mpaka leo tuna Wizara ya Fedha, na hakuna anayedhani waziri wake anachimba mgodi. Wakia, uzito wa masonara na wauza uvumba, ulipimwa kwa uzito wa reale moja. Yaani reale ilikuwa pesa, ilikuwa madini, na ilikuwa jiwe la mizani pia. Kitu chenye kazi tatu hakiachwi kwa sababu serikali imefuta moja.

Haya, tuje mwaka 1980, maana hapo ndipo kila mtu alipodhani mwisho umefika.

Ndugu wawili matajiri wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walikuwa wakinunua fedha kwa wingi wa kutisha. Mwanzoni mwa mwaka 1979 aunsi ilikuwa kama dola 6. Januari 1980 ikagusa dola 50. Reale moja ya Maria Theresa, ambayo madini yake mwaka mmoja nyuma yalikuwa na thamani ya dola nne na nusu, sasa yalifika dola 37 na zaidi. Ulaya na Marekani watu walipanga foleni na masinia, vijiko na vinara vya mishumaa vya bibi zao. Vitu vya ufundi wa miaka mia mbili viliingia motoni. Halafu tarehe 27 Machi mwaka ule ule bei ikaanguka chini ya dola 11.

Sarafu zilinusurika vipi na moto ule? Kwanza, matanuru yalijaa. Viwanda vya kusafisha fedha vilipokea mzigo wa miezi mingi kwa wiki chache. Mfanyabiashara aliyekununulia sarafu alijua atasubiri zamu, na kwamba bei inaweza kuanguka akiwa bado foleni, kwa hiyo alikulipa chini sana ya bei iliyotangazwa redioni. Muuzaji mwenye akili akasema, kama ni hivyo rudisha sarafu zangu. Pili, kilele chenyewe kilikuwa cha siku chache. Sisi watu wa pwani tunayajua maji ya bamvua: yanapanda mpaka yanalamba mizizi ya minazi, unadhani leo yatafika sebuleni, na baada ya saa chache yamerudi. Kilichokuwa mbali na ufuko hakiguswi. Na reale nyingi zilikuwa mbali na ufuko wa New York. Zilikuwa ndani ya masanduku ya Tanga, Lamu, Harar na Muscat, kwa watu ambao bei ile waliisikia ilipokwisha kushuka, au hawakuisikia kabisa. Tanzania ya Januari 1980 ilikuwa ndiyo kwanza imetoka Vita vya Kagera, na udhibiti wa pesa za kigeni ulikuwa mkali. Hata aliyesikia angempelekea nani?

Tatu, zile shilingi zetu za robo fedha zililindwa na unyonge wao. Ndani ya shilingi moja ya 1925 mna fedha isiyofika gramu 2. Ili uipate lazima uitenganishe na madini mengine kwa moto na dawa, na kazi hiyo ina gharama. Mnyonge naye ana siku yake.

Lakini sababu iliyonifungua macho kuliko zote hizo sikuisoma kitabuni. Niliipata kwa sonara mmoja wa Dar es Salaam, Mtaa wa Indira Gandhi, mzee ambaye baba yake na babu yake walikalia mizani hiyo hiyo. Nilimuuliza, "Mzee wangu, bei ikipanda unayeyusha rupia?"

Akacheka. "Kijana, mtu akiniletea bangili mimi sijui ndani mna nini. Labda fedha, labda bati na maneno. Nitasugua kwenye jiwe, nitatia dawa, na mwisho lazima niichome ili niwe na uhakika. Rupia ya nini kuichoma? Naijua uzito, naijua usafi. Mteja wangu naye anaijua. Nikiiyeyusha nitapata donge lisilo na jina, halafu nianze kuapa kwa watu kwamba ni fedha."

Msomaji mwenzangu, umeipata hiyo? Chapa ndiyo kinga yake. Ile sura ya mfalme aliyekufa zamani, ambaye hatuna habari naye wala yeye hakuwa na habari nasi, inafanya kazi ya shahidi. Inasema: ndani yangu mna kiasi fulani, na mtu yeyote kutoka Mombasa hadi Mumbai anaweza kukubali bila kiapo. Kuiyeyusha ni kumuua shahidi. Ndiyo sababu sarafu haina haja ya kufika tanurini hata bei ikipanda. Inauzwa kama ilivyo. Kweli, kuna za bandia, na sonara atazigonga mezani asikilize mlio na kuzipima uzito, lakini akishamaliza hapo kazi imekwisha.

Waliopata hasara ni vile vitu vya mkono. Mafundi wa Oman na wa pwani yetu kwa miaka mingi walizitumia reale kama malighafi. Walizitia motoni wenyewe ili kutoa vikuku, majambia na visanduku vya hirizi. Kila kimoja kilikuwa na nakshi yake, hakuna cha pili chake. Na kwa kuwa hakuna cha pili chake, hakuna anayejua usafi wake, na kwa hiyo bei inapopanda ndicho kinachochomwa kwanza. Sarafu, ambayo inafanana na ndugu zake milioni mia nne, inapona.

Kulika nako kunasaidia. Wakusanyaji wa sarafu, wale wenye lenzi, wanataka ing'aayo kama imetoka kiwandani jana. Hiyo ina bei yake na haishuki bakulini. Iliyolika masikio ya mfalme, iliyopita mikono elfu, hao hawaitaki. Inabaki na bei inayokaribia ya madini yake, kwa hiyo mtu wa kawaida anaimudu, ananunua tano, anaziweka. Sisemi hakuna zilizoyeyushwa. Zimeyeyushwa nyingi sana. Ila nikitazama historia yote hii naona kwamba bei ikipanda kazi yake kubwa ni kuzihamisha. Wajukuu wanafungua sanduku, wanauza. Upande wa pili yupo mtu anayeogopa pesa ya karatasi, ananunua, anafunga sanduku lake. Mwaka 2011 aunsi ilipokaribia dola 49 ilikuwa hivyo. Oktoba 2025 ilipovuka kile kilele cha mwaka 1980 ilikuwa hivyo. Marekani nako ni hivyo hivyo: nusu dola za Kennedy za mwaka 1964, zenye fedha asilimia 90, zilipigwa zaidi ya milioni 400, na vilele vyote hivyo vimepita na bado wanaziuza kwa mifuko.

Basi swali langu limejibika. Ila jibu lenyewe limezaa jambo jingine, na hilo ndilo hasa nililotaka kuwaambia nyinyi mnaoshika kalamu.

Shangazi yangu wa Tanga alikuwa na rupia saba kwenye kibweta cha mti. Alizijua moja moja. Nne zilikuwa za mahari ya mama yake, yaani bibi yangu. Mbili zilikuwa za Kaiza, na hizo alisema zilifichwa zisiende kwenye kodi. Mjerumani alipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, nyumba ya kijijini ililipiwa rupia 3, na rupia utaipata wapi kama hukwenda kufanya kazi kwenye shamba la mkonge au kubeba mzigo? Kwa hiyo hizo mbili zilikuwa jasho la mtu. Ya saba ilikuwa na tundu. Ilivishwa shingoni mwa baba yangu alipougua surua akiwa mtoto, na shangazi aliapa kwamba ndiyo iliyomponya.

Mwaka 2011, shangazi akiwa amekwisha kufariki, binamu yangu alizipeleka zote saba kwenye mizani. Simlaumu hata kidogo. Ilikuwa ada ya shule, na bei ilikuwa nzuri. Na kwa yote niliyoyaeleza hapo juu, nina hakika karibu kamili kwamba rupia zile hazikuyeyushwa. Zipo. Ziko kwenye bakuli la mtu, au kwenye sanduku la mtu, Unguja au Dubai. Pengine nimewahi kuishika mojawapo nikairudisha bila kujua. Maana chapa inataja mfalme na mwaka. Haitaji mahari, haitaji kodi, wala surua.

Ndiyo hivyo, washkaji. Sisi tunaoandika mijini tunapenda kulalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni na kufungiwa kwenye makabati yao. Sawa. Lakini kila nyumba ya bibi unayoijua ina kibweta, na ndani ya kibweta mna kitu chenye sura ya mfalme wa kigeni na habari ya mtu wa kwetu. Kitu chenyewe kitaishi, hilo limekwisha kuthibitika kwa miaka mia. Habari yake itaishi mpaka bibi atakapofumba macho, haizidi hapo.

Kwa hiyo kabla bei haijapanda tena, nenda ukakae naye mkekani. Mwombe akutolee moja moja, umuulize hii aliipata nani, kwa kazi gani, na kwa nini haikutumika. Andika na majina. Ukishaandika, kama njaa imekubana, ipeleke kwa sonara. Atakulipa kwa uzito, na kwa ile hadithi hataongeza hata sumni. Basi hadithi usimwachie, rudi nayo nyumbani.